Kaseti za Ami na Uongo Uliozitangulia

Klipu yenyewe haikutimia dakika nne. Udi, ile ala ya nyuzi, dumbaki, ngoma ndogo inayopigwa kwa kujizuia, sauti nyembamba ya kiume inayopanda kila mwisho wa kipande, na nyuma yake zogo la watu wa arusini. Kijana mmoja wa Lamu aliirekodi kwa simu kutoka kwenye redio kaseti. Chini yake akaandika kwamba huyu ni ami yake, mtunzi na mwimbaji aliyekufa kijana kwa majonzi ya mapenzi, na kwamba mji ulimpuuza. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la marafiki. Ikaenda Mombasa, ikaenda Malindi, ikavuka hadi kwa Waamu walioko Uarabuni na Uingereza, na kabla ya juma kwisha watu wasiojua hata jina la marehemu walikuwa wanaomba nyimbo zaidi.

Dada wa marehemu, yaani shangazi yake kijana, ndiye aliyezitunza kaseti hizo miaka yote. Alipoletewa klipu kwenye simu ya jirani aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalifunga kasha na ufunguo akaufunga kwenye pembe ya leso.

Hapo ndipo nilipoitwa. Kazi yangu ni kunakili kaseti na tepu za zamani kuziingiza kwenye kompyuta, na katika nyumba nyingi kazi hiyo huanza na ukungu wa kaseti. Katika nyumba hii ilianza na ugomvi. Familia imeridhia kisa kielezwe bila majina wala mtaa, na mimi nimeona kinafaa kuelezwa kwa sababu walilolifanya vijana hawa hufanywa karibu na kila kundi la mashabiki linalomgundua mwimbaji aliyekwisha kufa.

Vijana wenyewe ni watu wa maana. Hukutana barazani baada ya sala ya isha, wakinywa kahawa na kusikiliza muziki wa kila aina. Mmoja wao anafanya kazi katika nyumba ya wageni huko Shela, na ni mgeni mmoja aliyemsikilizisha Nick Drake, mwimbaji na mpiga gitaa wa Uingereza. Jina lilikuwa geni kwao, lakini mkono wa gitaa uliwashika mara moja. Baada ya mwezi walikuwa wameshasikiliza kila kitu chake kinachopatikana kwenye intaneti, wamesoma habari zake, na wanabishana jinsi alivyofunga nyuzi, yaani alivyozipangia sauti, maana Drake hakuwa akifunga gitaa kwa namna ya kawaida na mashabiki hupata taabu kubwa kuziigiza nyimbo zake.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Alizaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1948, akakulia katika kijiji cha Tanworth-in-Arden, Uingereza. Kampuni ya Island ilimtolea albamu tatu: Five Leaves Left mwaka 1969, Bryter Layter mwaka 1971 na Pink Moon mwaka 1972. Alipokuwa hai hakuna hata moja iliyouza vizuri. Husemwa kila moja haikufikia nakala 5,000. Jukwaa hakulipenda, waandishi aliongea nao kwa nadra mno, na hakuna filamu inayojulikana inayomwonyesha akiwa mtu mzima anaimba. Aliugua unyogovu kwa miaka, akafariki Novemba 1974 akiwa na umri wa miaka 26. Mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alijiua, na baadhi ya waliomjua hawakuukubali uamuzi huo. Leo anasikilizwa ulimwengu mzima.

Baraza likaichukua hadithi hii kama ilivyo. Kijana mpole, ala ya nyuzi, kifo cha mapema, watu wasiosikia, kisha watu wakazinduka. Mmoja wao akakumbuka kwamba nyumbani kwao kuna kaseti za ami aliyekuwa akipiga udi, na kwamba ami huyo alikufa hajaoa. Mengine yakajipanga yenyewe. Wakati klipu inatumwa, marehemu alikwisha kuvishwa maisha ya mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba hata huyo Drake hawakumsoma sawasawa. Walisoma kifo chake na sifa zake za baadaye, wakairuka miaka ya katikati, na kazi yenyewe ilifanyika katika miaka hiyo.

Mtayarishaji wake, Joe Boyd, alipoiuza kampuni yake kwa Island na kuhamia Marekani, aliweka sharti: santuri za Nick Drake zisiondolewe kamwe sokoni. Sharti la karatasi tu, tena kwa mwimbaji asiyeuza. Lakini kwa sababu hiyo mtu aliyelisikia jina la Drake mwaka 1977 aliweza kuagiza santuri dukani akaletewa. Wazazi wake, Rodney na Molly, nao hawakufunga mlango. Mashabiki walikuwa wakifika nyumbani bila kualikwa, wanakaribishwa chai, wanaonyeshwa chumba cha marehemu, wengine wanaondoka na nakala za tepu alizojirekodi mwenyewe pale nyumbani. Nakala hizo zilizaa nakala nyingine, mpaka zikauzwa kwa magendo. Mwaka 2007 ndipo familia ilipozitoa rasmi nyimbo za nyumbani katika albamu ya Family Tree, chini ya usimamizi wa dada yake, Gabrielle, ambaye ni mwigizaji.

Katikati hapo palikuwa na mkusanyo wa mwaka 1979, Fruit Tree, ambao haukuuza sana. Mwaka 1985 kundi la The Dream Academy lilivuma kwa wimbo waliomtunukia marehemu. Mwaka 1994 ukatoka mkusanyo mwingine. Kisha mwishoni mwa 1999 tangazo la magari ya Volkswagen huko Marekani likautumia wimbo wa Pink Moon, na mauzo yakaruka ghafla, robo karne baada ya mwenyewe kuzikwa.

Ukiyapanga hivyo muujiza hauuoni. Unaona mkataba, mama na baba wenye subira, mikanda ya studio iliyotunzwa, na tangazo la gari. Ubora wa nyimbo ni sharti, sikatai. Lakini nyimbo bora zilizooza kwenye mkanda hazisikiwi na mtu. Na uliokuwa ukisikika kwenye klipu ya Lamu ni mkanda unaooza.

Kuna jambo jingine juu ya Drake ambalo vijana walilipenda mno, nami naliona la hatari. Mashabiki wengi huisikiliza Pink Moon kama wasia wa mtu anayeaga. Ni sauti, gitaa na piano kidogo tu, na iliimbwa kwa siku mbili za usiku Oktoba 1971. Miaka mitatu nzima kabla ya kifo! Mwaka 1974 alirudi studio akarekodi nyimbo nyingine. Mtu anayeaga mwaka 1971 hana haja ya kurudi 1974. Alikuwa mgonjwa, hilo kweli, na wimbo unaweza kubeba ugonjwa. Lakini kumsikiliza mtu kuanzia kaburini kurudi nyuma ni kumnyima kila siku aliyokuwa hai.

Tena hakutoka hewani. Mama yake alikuwa akitunga na kuimba kwa piano sebuleni, na mumewe akimrekodi. Nyimbo hizo za miaka ya 1950 zilikuja kutolewa kwa umma baadaye. Mtu akizisikiliza anaijua nyumba alikotoka mtoto.

Sasa turudi Lamu, kwa shangazi.

Kijana alikwenda akiwa na baba yake, nami nikiwa nyuma yao na begi la vifaa. Akatoa salamu zake, "Shikamoo shangazi," akajibiwa marahaba ya mbali sana. Kisha swali likaja kabla ya kahawa.

"Nani aliyekwambia ndugu yangu alikufa kwa mapenzi?"

"Shangazi, hakuna aliyeniambia. Ni vile nyimbo zenyewe zilivyo. Na watu wanazipenda."

"Watu wepi? Alikufa kwa homa, siku tano hazikupita. Alikuwa na mchumba, na mchumba alimpenda. Yule mama yu hai, ana wajukuu, na jirani wamempelekea hiyo simu yako."

Kijana hakulitarajia hilo. Mashabiki wa Drake wako maelfu ya maili na Tanworth, wanaweza kudhani watakalo. Lamu unamdhania mtu aliyezikwa, kumbe nusu ya hadithi yake hupita sokoni kila asubuhi. Kusema marehemu alikufa kwa majonzi ya mapenzi ni kusema yupo aliyemvunja moyo, na mji mdogo hauhitaji jina kumjua ni nani.

Neno la "kupuuzwa" nalo liliwaudhi wazee. Marehemu alikuwa fundi cherehani, na jioni alipiga udi. Mji ulimwita arusi baada ya arusi, na akinamama walimtunza mpaka anashindwa pa kuweka noti. Wala hakuwa wa kwanza. Lamu ni mji wa Muhamadi Kijuma, mtunzi, mwandishi wa hati, mchongaji na mwanamuziki aliyefariki mwaka 1945. Ni mji alikotoka Zein l'Abdin, aliyeupeleka udi wa pwani majukwaa ya ng'ambo na kufariki mwaka 2016. Ami alijifunza kwa watu, mbele ya watu, na alisifiwa na watu. Alichokosa ni safari ya Mombasa. Huko ndiko zilikokuwa biashara za kurekodi na kusambaza kaseti za taarabu, kama Mbwana Radio, na ambaye sauti yake haikupita huko ilibaki kwenye kaseti za arusi zilizoazimwa nyumba hadi nyumba. Hiyo si dharau ya mji. Ni njia ya biashara ambayo haikupita mlangoni kwake, na kufa mapema kukamnyima muda wa kuifuata.

Kisha tukaufikia wimbo wenyewe wa klipu. Unahusu kisima ambacho mwenyewe hateki, na anayekuja na ndoo hufukuzwa. Vijana, wakiwa na Drake masikioni, walisikia upweke: roho iliyofungwa, maji yasiyonywewa. Mmoja alikwisha kuandika aya ndefu kuhusu kiu ya nafsi. Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi. Ni fumbo. Lilitungwa kwa arusi moja maalumu, kisima kilikuwa kisima cha kweli, kulikuwa na kiwanja na ndugu wawili wasiosemezana, na kila aliyekuwa pale alijua ndoo ni ya nani. Ukisikiliza kwa makini ushahidi uko kwenye mkanda: kwenye ubeti wa tatu vigelegele vinalipuka, udi unasimama kidogo, na mwimbaji anaurudia ubeti ule ule mara mbili zaidi. Hapo anatunzwa. Pana mtu amesimama mbele yake na noti mkononi, na mtu mwingine amekaa kitako anaumia.

"Nyimbo zile zina wenyewe, mwanangu," shangazi akasema. "Watoto wa mwenye kisima wako hapa. Wanasalimiana nasi. Wewe umeurudisha ugomvi kwa simu."

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote katika kisa hiki, na sidhani Waingereza wana inayofanana nayo. Wimbo wa taarabu ya arusini haukutungwa utoke. Ulitungwa utue kwa mtu. Anayeusikia bila kumjua mtu huyo anasikia uzuri, na uzuri upo, sibishi. Lakini kuutangaza ni tendo la pili, lenye madhara yake, na mwimbaji hayupo tena kusimama mbele ya watu na kuyajibia.

Palikuwa pia na suala la utunzi. Klipu ilimwita marehemu mtunzi wa kila alichoimba. Pwani yetu mtunzi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili. Inajulikana wazi kwamba Ahmad Nassir alimtungia Juma Bhalo mashairi aliyoyaimba. Tulipozisikiliza kaseti zote, nyimbo mbili zilimtaja mtunzi mwingine katika beti za mwisho, kama ilivyo desturi ya washairi kujitaja wanapofunga. Yeye naye amefariki, ana watoto. Nusu ya sifa alizomwagiwa ami kwa "maneno yake mazito" zilikuwa za jirani yake.

Upande wa sheria haukutuchukua muda. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, shairi na muziki hulindwa mpaka miaka 50 ipite tangu mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kukaa na kaseti si kumiliki wimbo, iwe kaseti iko kashani kwa shangazi au kwenye simu ya kijana. Marehemu hakuacha mke wala mtoto, na wazazi wake walikuwa hai alipofariki; kwa hiyo haki ilikwenda kwa baba na mama, na walipofariki wao ikashuka kwa watoto waliobaki, yaani shangazi na baba wa kijana. Hisa kamili ni kazi ya kadhi kuzigawa, si yangu. Ila jambo moja lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: kijana alikuwa na haki ya kuuliza, na hakuuliza.

Shangazi alifungua kasha baada ya mwanaye wa kaka kuahidi mbele ya baba yake kwamba hakitatoka kitu bila yeye kukisikia kwanza.

Kaseti zilikuwa sita. Mbili zilikuwa na ukungu mweupe juu ya mkanda, na kaseti ya namna hiyo haitiwi kwenye redio hata kwa kuionja tu, maana ukungu huchafua kichwa cha kusomea na kuhamia kaseti inayofuata. Moja ilikuwa imedondosha kile kipande cha sponji kinachoubana mkanda. Nyingine mtu aliirekodia mawaidha ya redio juu yake, upande mzima, kwa sababu hakuna aliyevunja vile vijino viwili vya juu vinavyozuia kurekodi upya. Nyimbo zilizokuwa humo zimekwenda. Nilihamisha mikanda kwenye maganda mapya ya skrubu, nikarekebisha kichwa cha kusomea kwa kila kaseti peke yake mpaka sauti za juu zikafunguka, nikarekodi kwa faili kamili lisilobanwa. Nakala ya kubanwa ya kutuma kwa simu hutengenezwa baadaye kutoka kwenye hilo. Vijana walifanya kinyume: walirekodi kwa simu sauti ya spika, chumbani, feni ikizunguka.

Jambo lililozua kelele kuliko yote lilijitokeza kwenye kaseti ya klipu. Sauti ya mwimbaji ilikuwa ikipanda pole pole tangu mwanzo wa upande hadi mwisho, na udi ukipanda nayo. Mpiga udi hapandi hivyo kwa mpangilio. Ni betri. Aliyerekodi arusini alitumia redio ya betri, betri zikachoka, mkanda ukawa unakwenda taratibu. Ukiupiga leo kwa mwendo wa kawaida sauti inakimbia na kuwa nyembamba. Kwenye kaseti nyingine, iliyorekodiwa nyumbani kwa umeme, mtu huyo huyo anaimba kwa sauti nzito zaidi, ya utulivu. Nilipourekebisha mwendo, ile sauti ya kitoto iliyowaliza watu London haikuwapo tena.

Vijana walinuna. Mmoja aliniambia nimeuua wimbo. Shangazi alisikiliza, akamgeukia kaka yake: "Huyu ndiye." Kaka yake akaitikia kwa kichwa, na mjadala wa mwendo ukaisha hapo, ingawa barazani nasikia bado wapo wanaosikiliza ile ya betri. Waachwe. Lakini wasiseme ndivyo alivyoimba.

Makubaliano yaliyofikiwa si ya kumfurahisha kila mtu. Kijana alituma ujumbe mpya kwenye kundi lile lile, akafuta habari ya majonzi na kumtaja marehemu kwa jina lake, kazi yake na walimu wake wa udi. Klipu ya kwanza haiwezi kurudishwa, inaendelea kutembea. Alikwenda na baba yake kwa yule mama aliyekuwa mchumba, wakaomba radhi, wakapewa halua. Nyimbo tatu zimetolewa kwa ridhaa ya warithi, zote za mapenzi na sifa, mbili kati yake zikiwa na jina la mtunzi wa kweli baada ya watoto wake kuulizwa. Kila wimbo umetanguliwa na sauti ya shangazi akieleza uliimbwa arusi gani na nani alikuwa akipiga dumbaki. Kwa maoni yangu maelezo yale ni mazuri kama nyimbo zenyewe, na sehemu moja yanazizidi. Wasikilizaji ni wachache kuliko wale wa klipu ya uongo. Faili kamili ziko nyumba mbili, Lamu na Mombasa.

Mambo yalipotulia ikaja barua kutoka kampuni ndogo ya santuri ya Ulaya. Wanataka kutoa santuri nzima ya marehemu, na wanautaka hasa wimbo wa kisima. Hapo ndipo vijana wa baraza walipofaa, maana walikumbuka sharti la Joe Boyd na kulieleza kwa warithi vizuri kuliko ambavyo wakili angelieleza. Jibu la familia liliandikwa na kijana mwenyewe. Kwa nyimbo tatu wako tayari kuongea, mradi mkataba useme santuri haitaondolewa sokoni, na ikiondolewa haki zote zinarudi Lamu bila kudaiwa. Kuhusu wimbo wa kisima, watoto wa mwenye kisima waulizwe kwanza. Shangazi ameamua kwamba kijana ndiye atakayekwenda kuwauliza, na baba yake amfuate.